Chapati ya Kijani, Chapati ya Chungwa: Mboga Kiasi Gani Imo Ndani?

Kijitabu cha lishe kwa wapishi wa nyumbani na wa vibanda, Kisumu na ufuo wa ziwa

Ukipita Kondele jioni, watu wakitoka kazini, huenda ukazikuta chapati za aina tatu kwenye meza moja. Kuna nyeupe tuliyoizoea, kuna ya kijani yenye madoadoa ya majani, na kuna ya rangi ya chungwa. Mpishi atakwambia hizo mbili za rangi ni "za afya", na pengine bei yake imepanda kidogo kwa sababu hiyo. Mteja huuliza swali ambalo sisi wa lishe huulizwa karibu kila tunapofanya maonyesho ya upishi: ni kweli, au ni rangi tu?

Ni kweli wakati mwingine. Inategemea mboga iliyoingia ni kiasi gani na imechukua nafasi ya nini. Spinachi ni mwepesi sana wa kupaka rangi: kiganja kimoja kikisagwa kinatosha kugeuza donge zima kuwa kijani kibichi. Jicho linaona bustani nzima, kumbe tumboni inakwenda ngano ileile ya jana.

Kijitabu hiki hakikukatazi chapati. Kinakuonyesha namna ya kuipika ili jina la "chapati ya mboga" liwe la haki.

Wahindi waliijua zamani

Chapati ilishika mizizi kwetu pamoja na reli. Njia ya reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Mafundi, makarani na wenye maduka kutoka Bara Hindi walifungua maisha hapa. Allidina Visram, aliyekuwa na maduka kutoka pwani hadi Uganda, naye alifungua la kwake Kisumu. Walikuja na ngano, na walikuja na mbinu zake zote.

Katika mbinu hizo chapati tupu ni moja tu. Wagujarati wana thepla, chapati nyembamba inayokandwa na majani ya uwatu yaliyokatwakatwa, manjano, pilipili na maziwa ya mgando kidogo. Hiyo ndiyo chakula chao cha safari, maana haiharibiki upesi. Wengine hujaza chapati viazi, figili iliyokunwa au koliflawa. Sisi tulichukua ile nyeupe laini, tukaongeza mafuta, tukaifanya chakula cha Krismasi na cha wageni. Majani tukayaacha kwenye sufuria ya pembeni, yakale na ugali. Kwa hiyo anayekanda unga na mboga leo hajavumbua kitu cha ajabu. Amerudia nusu ya mapishi iliyobaki nyuma.

Tupime kwanza

Chukua kilo moja ya unga wa ngano, yaani nusu ya pakiti ya kilo mbili. Mpishi wa kawaida hutoa hapo chapati 14 hivi. Sasa chukua fungu moja la spinachi. Ukiondoa vijiti na majani yaliyonyauka, unabaki na majani kama gramu 200. Yagawe kwa chapati 14: kila moja imepata gramu 14. Hicho ni kijiko kimoja cha mboga iliyopikwa, basi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Aliyekula chapati mbili za kijani amepata gramu 28. Zilizobaki 372 zitatoka wapi? Zitatoka kwenye sahani: sukuma, osuga, kabichi, kachumbari, embe, ndizi.

Mama mmoja katika maonyesho yetu alisikia hesabu hiyo akacheka. "Sasa mimi nimekuwa nikiwanyima watoto mboga, nikijua wameshakula kwenye chapati!" Alikuwa ametuwekea kidole palepale panapouma. Hasara ya chapati ya kijani huanza pale inapolifukuza bakuli la mboga mezani.

Hata hivyo, gramu 14 si sifuri. Zina vitamini A inayokaribia mikrogramu 65, na mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji mikrogramu 300 kwa siku. Kwa mtoto anayefunga mdomo akiona mboga, hicho ni kianzio kizuri. Kiite kianzio, usikiite mlo wa mboga.

Ya chungwa ndiyo yenye uzito

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo faida ilipo.

Majani huongezwa juu ya unga. Kiazi au malenge huondoa sehemu ya unga na kukaa mahali pake, na hiyo ndiyo tofauti kubwa. Ukipika kwa kipimo cha gramu 600 za unga na gramu 400 za viazi vitamu vilivyopondwa (karibu vikombe 5 vya unga kwa kikombe 1 na nusu cha viazi), utapata chapati 12, na kila moja imebeba gramu 33 za kiazi. Kama kiazi ni kile chenye nyama ya rangi ya chungwa iliyoiva, chapati moja, hata ukitoa kinachopotea motoni, inaweza kumpa mtoto wa miaka miwili nusu ya vitamini A ya siku nzima. Kiazi cheupe hakitakupa hayo, hata kiwe kitamu namna gani. Cha njano kitakupa kidogo.

Viazi hivi haviko mbali nasi. Kabondo, kule Homa Bay, ni nchi ya rabuon, yaani viazi vitamu, tangu zamani, na wakulima wengi wa ukanda huu wanazijua mbegu za chungwa kama Kabode na Vita, zilizotoka kwa watafiti wa Uganda. Mmoja wao, Dkt. Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuongeza virutubisho ndani ya mazao yenyewe. Wawili wengine, Maria Andrade na Jan Low, walitunukiwa kwa kiazi hikihiki. Walichokuwa wakipigana nacho ni ukosefu wa vitamini A, unaodhoofisha macho ya watoto na kinga yao dhidi ya surua na kuhara.

Jambo jingine linaloipa chapati ubora hapa ni mafuta. Rangi ya chungwa ya kiazi, karoti na malenge ni betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mwili huipokea vizuri zaidi ikiandamana na mafuta. Kiazi kilichochemshwa na kuliwa kikavu na chai ya rangi hupoteza nafasi hiyo. Kwenye chapati mafuta yapo tayari.

Sasa jikoni. Osha viazi, vichemshe na maganda yake hadi kijiti kipenye bila nguvu. Menya vikiwa vya moto, ponda kwa mwiko hadi mabonge yaishe, maana bonge moja tu litatoboa chapati wakati wa kusukuma. Acha vipoe hadi joto la mkono. Mimina unga, chumvi kidogo na vijiko viwili vya mafuta, kisha anza kukanda bila maji. Hapa ndipo wengi huharibu. Mpishi aliyezoea chapati nyeupe huweka maji kwa mazoea, donge linageuka uji, anaongeza unga kuliokoa, linakuwa gumu, anaongeza maji tena. Akimaliza ana unga maradufu, na kiazi kimepotelea humo. Kiazi kilichochemshwa kina maji ya kutosha karibu donge lote. Kanda dakika 5 kwanza. Likiwa bado linapasuka, nyunyiza maji kwa kijiko, kimoja kimoja.

Lifunike lipumzike nusu saa. Ukisukuma, usiifanye nyembamba kama ile nyeupe, kwa sababu itachanika. Na upunguze makaa: kiazi kina sukari, chapati hii hubadilika rangi upesi na kuungua upesi kabla ya ndani kuiva.

Malenge, budho, hufanya kazi hiyohiyo kwa vitamini A pungufu kiasi. Shida yake ni maji. Yapike kwa mvuke, au yachuje kwenye kitambaa safi baada ya kuchemsha, na usiyatupe hayo maji. Utayatumia ukihitaji kulainisha donge. Karoti zilizokunwa ni rahisi kuliko zote na hazihitaji kupikwa kwanza, ila kuna wanaoweka karoti mbili kwenye kilo ya unga wakaridhika. Weka tano, sita.

Majani ya kwetu, na lipi liachwe

Spinachi ndiyo imezoeleka kwa sababu ni laini na haina uchungu. Haina ufalme mwingine wowote. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mtaalamu wa kilimo cha bustani aliyefundisha Maseno na baadaye Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ametumia maisha yake ya kazi kuwaonyesha Wakenya kwamba mboga zilizokuwa zikiitwa magugu au chakula cha maskini zina madini na vitamini za kujivunia. Ukienda Kibuye, hasa Jumapili soko linapofurika, utazikuta zimepangwa chini kwa mafungu: ododo, yaani terere, boo, majani ya kunde, osuga, yaani managu, dek, ambayo wengine huiita saga au akeyo, susa, majani ya malenge, mitoo, na apoth, yaani mrenda.

Kwa chapati, terere na majani machanga ya kunde ndiyo bora. Hayana uchungu, na yakikatwa laini hushikana na unga. Susa pia ni nzuri ukishaondoa nyuzi. Osuga inawezekana, lakini chuma majani tu: vitunda vya kijani visivyoiva vina sumu na vitupwe. Dek ina uchungu wake, ambao wazee huufuata na watoto huukimbia. Iache iliwe na kuon, yaani ugali. Na apoth, tafadhali, mwachie ugali. Ule utelezi tunaoupenda kwenye bakuli ukiingia kwenye unga, donge litakutoroka mkononi.

Chemsha majani dakika moja au mbili tu kwenye maji kidogo, kisha yakate. Hayo maji ya kijani yasimwagwe mtaroni. Vitamini za kundi B, ikiwemo foleti, huyeyuka humo, pamoja na sehemu ya madini. Acha yapoe, ukandie unga. Usiweke magadi: hulainisha jani, hilo ni kweli, lakini huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B. Hata bila magadi, vitamini C haitabaki nyingi baada ya kikaango, kwa hiyo isitafutwe kwenye chapati. Itafute kwenye nyanya mbichi, limau, pera na chungwa.

Kipimo chetu kwa kilo moja ya unga ni mafungu matatu, si moja. Donge litaonekana limejaa majani kupita kiasi. Ndivyo linavyotakiwa kuonekana.

Unga na mafuta vinaamua zaidi ya unavyodhani

Tuseme jambo ambalo wauzaji wa chapati ya kijani hawatalipenda. Ukitaka nyuzinyuzi, zile zinazosaidia choo na kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, kubadilisha unga kunasaidia kuliko kuongeza spinachi. Chapati yenye gramu 70 za unga mweupe ina nyuzinyuzi gramu 2 hivi. Ya unga wa ngano nzima ina zaidi ya gramu 7. Zile gramu 14 za majani tulizozipima zinaongeza theluthi moja ya gramu. Kwa hiyo changanya: nusu unga mweupe, nusu unga wa ngano nzima, halafu mboga. Ngano nzima peke yake hutoa chapati ngumu ambayo watoto wataigeuza kuwa sahani ya kurushiana.

Unga mweupe nao si mtupu. Tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji waongeze madini ya chuma, zinki, vitamini A na vitamini za kundi B, ikiwemo asidi ya foliki, kwenye unga wa ngano na wa mahindi unaofungwa viwandani. Tazama alama ya urutubishaji kwenye pakiti. Unga wa kupimiwa kutoka gunia lisilo na jina hauna ahadi hiyo.

Mafuta: kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120 hivi. Unga wa chapati moja una kalori karibu 255. Mpishi anayepaka mafuta ndani akikunja tabaka, kisha akamwagia tena kwenye kikaango pande zote mbili, anaweza kuongeza nusu ya kalori za chapati nzima bila mlaji kujua. Kubadilisha sehemu ya unga kwa kiazi hupunguza kalori 45 au 50. Kupunguza kijiko kimoja cha mafuta hupunguza 120. Iive kavu kwanza pande zote, kisha upake mafuta kwa brashi au kipande cha kitambaa safi, kijiko kidogo kwa chapati.

Chumvi isizidi kijiko kimoja kidogo kwa kilo ya unga. Mchuzi utakaoliwa nao una ya kwake.

Ile chai pembeni

Chapati na chai ni ndugu, tunajua. Lakini chai, yenye maziwa au ya rangi, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na kwenye unga uliorutubishwa. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anahitaji miligramu 18 za chuma kwa siku, mjamzito 27, na upungufu wa damu ni tatizo la kila siku katika kliniki za ukanda huu wenye malaria. Kama chapati ya kijani umeipika kwa ajili yake, mpe na maji na kachumbari ya nyanya iliyokamuliwa limau, na chai ije saa moja baadaye. Hili halihitaji hata senti.

Protini nayo isisahaulike. Chapo madondo au chapo dengu ni mlo kamili kuliko chapati mbili za mboga zikiliwa peke yake. Omena wakiwepo, wachache tu wanaongeza protini, na kalisi kwa sababu huliwa na mifupa. Kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena unapofungwa ili samaki wazaliane, bei hupanda. Lakini hiyo ndiyo miezi mvua ndefu inapokuwa imejaza soko majani, na kunde na dengu hazifungwi na mtu.

Maji, mito na joto la Kisumu

Mboga iliyo ndani ya unga haionekani uchafu wake, kwa hiyo ioshwe kabla haijakatwa, mara tatu, kwa maji safi yaliyotibiwa, si maji ya ziwa moja kwa moja. Uliza pia ilikolimwa. Mito inayopita mjini kama Kisat na Auji hubeba maji ya mitaro na taka, na kuna bustani kandokando yake. Kuosha na kupika huondoa vijidudu. Risasi na metali nyingine zikishaingia kwenye jani haziondoki kwa maji.

Donge la mboga lisilale juu ya meza. Unga mkavu huvumilia, lakini unga wenye majani au kiazi, kwenye joto letu, huanza kuchacha ndani ya saa chache. Kanda cha kupika leo. Rojo la kiazi laweza kukaa siku mbili kwenye friji, au miezi kwenye friza likifungwa vizuri.

Kwa mtoto, mwenye sukari, na mwenye selimundu

Mtoto wa miezi 8 na kuendelea anaweza kupewa vipande laini vya chapati ya kiazi vilivyolowekwa kwenye mchuzi wa maharagwe, bila pilipili, chumvi kidogo mno. Maziwa ya mama yanaendelea.

Mwenye kisukari asidanganywe na rangi. Chapati ya malenge bado ni wanga. Ale moja, ndogo, ya mchanganyiko wa ngano nzima, na nusu ya sahani iwe mboga.

Ukanda wa ziwa una watoto wengi wenye selimundu. Miili yao hutengeneza damu mpya kwa kasi na hutumia foleti nyingi, hivyo majani ya kijani yanawafaa sana. Lakini vidonge vya asidi ya foliki walivyoandikiwa kliniki viendelee, na wasipewe vidonge vya madini ya chuma bila daktari kuamua.

Mwenye kibanda

Unayepika za kuuza, bandika kipimo chako ukutani: unga kiasi hiki, kiazi kiasi hiki. Mteja akiuliza, mwonyeshe. Kama rangi yako imetoka kwenye manjano au kwenye chupa ya rangi ya chakula, iite chapati ya manjano au chapati ya rangi. Watu watanunua tu kama ni laini. Siku viazi vya chungwa vikiadimika, pika nyeupe na uongeze kijiko cha kachumbari juu yake. Na ukipata kiazi kingi msimu wa mavuno, chemsha chote siku hiyohiyo, ponda, fungasha nusu kilo nusu kilo, uandike tarehe kwenye mfuko kabla ya kuutia kwenye friza.